Kizibo Katika Koti la Baba

Baba alinipa koti lake la Jumapili nimshonee bitana. Ni lile la kijivu, zito, ambalo amelivaa kanisani Masii tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, na hataki kusikia habari ya koti jipya. "Hili bado liko na nguvu," aliniambia, ungedhani anasifu punda. Nikalibeba hadi kwangu Syokimau, nikaliweka mapajani, na kabla sijatia uzi kwenye sindano mkono wangu ukawa umeshaingia mfuko wa ndani wa kushoto. Sikuuambia uingie. Huo ulikuwa mfuko wa peremende. Kila Jumapili ya utoto wangu kazi yangu ilikuwa kuiba peremende humo, na kazi yake ilikuwa kujifanya haoni.

Safari hii peremende hazikuwamo. Mfuko ulikuwa umetoboka, na chini kabisa, kati ya bitana na kitambaa, vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Nikakivuta. Ilikuwa leso kuukuu iliyofungwa fundo, na ndani yake kizibo cha soda kilichoshika kutu. Kizibo hicho nilikifunga humo mimi, nikiwa darasa la tatu. Nililia pale kwenye kochi, jamani, mtu mzima, watoto wangu wakinitazama na kuulizana mama ana nini.

Mama ana gari, ningewajibu. Mama yangu alikuwa na gari.

Nasema la mama kwa sababu lilikuwa lake kabisa, si la baba, na hakuna aliyethubutu kukosea. Babu mzaa mama alikuwa msimamizi wa ng'ombe kwenye ranchi moja upande wa Konza. Mwenye ranchi alipouza kila kitu na kuondoka nchini, alimwachia babu gari lake la michezo: milango miwili, boneti ndefu, rangi nyekundu, na kiti cha nyuma cha kutosha paka. Babu hakujifunza kuliendesha hata siku moja. Aliliosha tu, akakaa ndani yake Jumapili kusikiliza redio. Aliyejifunza ni binti yake. Babu alipofariki, wajomba wangu walichukua ng'ombe na mama akachukua gari, wakamcheka mpaka wakachoka wenyewe. Mama hakujali. Alishuka nalo soko la Masii akiwa amefunga kitambaa kichwani, vumbi jekundu nyuma yake, na watu wakampa jina la Mama Rali. Hilo jina alilipenda kuliko la ubatizo.

Mimi nalikumbuka likitembea kwa mbali sana. Ninakumbuka goti la mama likipanda na kushuka na sauti iliyokuwa ikinitetemesha tumbo. Kisha siku moja lilichemka kwenye mpando tukitoka Machakos mjini, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Baba akalivuta hadi nyuma ya ghala la mahindi, akaliweka juu ya mawe na kulifunika mabati. "Nitaitengeneza," alisema, na akaendelea kusema hivyo mwaka baada ya mwaka. Si kwamba hakuweza. Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga, na watu walikuwa wakisema mashine ikimsikia anakohoa mlangoni inawaka yenyewe. Ila fundi ni fundi, cha nyumbani kwake hubaki cha mwisho. Kuku walihamia kiti cha dereva wakawa wanataga hapo, na mama kila akienda kuokota mayai alirudi akimtupia baba jicho.

Halafu mama akaugua. Alienda Nairobi kutibiwa na hakurudi upesi kama nilivyoambiwa. Mdogo wake, Anti Nduku, ndiye aliyekuwa akikaa naye hospitali, na jioni alikuwa akitupigia simu ili tumsikie mama. Nyumbani kwetu mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kabati la vyombo tu, kwa hivyo simu iliwekwa pale kwa spika na sote tukasimama chini yake tukiangalia juu. Hapo ndipo niliposikia maneno ambayo sikupaswa kuyasikia, au labda nilipaswa.

"Nimechoka na hizi dawa," mama alisema. "Nataka nikuje nyumbani nipumzike."

"Usianze hivyo," baba akasema. "Daktari alisema tujaribu tena."

"Alisema tukitaka. Na akasema haitasaidia sana, ulimsikia."

Mama akakohoa kidogo, kisha nikasikia ile sauti yake ya sokoni, ya mtu anayekata maneno.

"Basi tuelewane. Mimi nitaendelea na dawa, sababu umeniomba. Na wewe utatengeneza gari yangu. Lakini siku itawaka, uje unichukue nayo. Hakuna kuniambia ngoja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na huyo mtoto akusaidie. Mikono yake ni midogo, itafika kwenye yako haifiki."

Neno kupumzika nililijua vizuri, au nilidhani hivyo. Kupumzika kulikuwa ni Jumapili baada ya chakula, watu wazima wanajinyoosha kwenye mkeka, sisi tunaambiwa tukacheze mbali, kisha wanaamka na nyuso zimenyooka na kuitisha chai. Mama hakuwahi kupumzika. Alikuwa mtu wa shamba asubuhi, soko mchana, na kushona jioni. Kwangu mimi ugonjwa wote ulikuwa huo, uchovu. Hesabu yangu ikawa rahisi: gari liwake, mama aje, apumzike, aamke, aitishe chai.

Woi, nilifanya kazi! Baba huniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la susu, mama yake mzazi. Ndivyo sisi Wakamba tulivyo, unakuwa mama wa baba yako ukiwa bado unanyonya. "Mwaitu, nipe spana ya kumi na tatu. Mwaitu, shika taa. Mwaitu, hapo hapo, usitetemeke." Nilijifunza gari lile kwa vidole kabla ya kulijua kwa macho. Nilipitisha mkono nyuma ya dashibodi kutoa viota vya panya, nikasugua kabureta kwa mswaki wangu wa zamani, nikapiga msasa mlango wa kushoto mpaka kucha zikawa nyekundu na kanisani nikaulizwa ni nani aliyenipaka rangi za wanawake. Jioni tulinawa mikono pamoja kwenye karai moja, kwanza mafuta ya taa, kisha sabuni ya unga, na nilipolala nilikuwa naweka kiganja chini ya pua. Hiyo ndiyo harufu ya furaha kwangu hadi leo, Mungu anisamehe, kwa maana sikuwahi kuwa na furaha kama miezi ile ambayo mama alikuwa akiteseka.

Kiti cha abiria ndicho kilichonisumbua zaidi. Kilikuwa hakilali nyuma, kimeganda. Nikamwambia baba hatuwezi kumleta mtu kupumzika kwenye kiti kilichosimama wima. Alinitazama, spana mkononi, kisha akaacha alichokuwa akifanya na tukashinda siku nzima na kiti hicho. Kilipolala, alinilaza juu yake akaniuliza, "Kuko sawa?" Nikamjibu kuko sawa. Akaondoka akisema anaenda kutafuta waya.

Siku tuliyofunga injini alinionyesha rota. Ni kidude kidogo cha plastiki ya kahawia, chenye ulimi wa shaba, kinakaa chini ya kifuniko cha distributa. "Hii ndiyo inagawa moto," baba akasema. "Ukiitoa, injini itazunguka mchana kutwa na haitawaka. Na huwezi kuikosea kuweka, ona, iko na mtaro ndani. Inakaa upande mmoja tu." Akanipa niiweke mwenyewe. Ikaingia taratibu. Nikabana kile kifuniko kwa vibanio vyake viwili, tap, tap, nikahisi mama yuko mlangoni.

Baba akasema tungoje kidogo mafuta yashuke. Akanituma dukani. Niliporudi alikaa ndani, akafungua switchi. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikuwaka.

Haikuwaka siku hiyo, wala Jumamosi iliyofuata, wala nyingine. Baba alifungua vitu ambavyo tulikuwa tumeshavifunga vizuri. Alitoa plagi akaziangalia, akazirudisha. Alitoa kabureta ambayo niliisugua mimi mwenyewe, na nikaudhika. Majirani wakaanza kupita kwa nyuma ya ghala, mmoja mmoja, wanaegemea ua. "Fundi, leo imekushinda?" "Fundi, ama tukuitie fundi?" Wakacheka. Baba naye akacheka nao, mtu ambaye hakuwahi kushindwa na injini Masii nzima, akijifuta mikono iliyokuwa haina hata mafuta. Mimi niliona aibu hadi masikio yakawa moto.

Na juu ya kabati mama alikuwa akiuliza, kila jioni, swali moja. "Gari imefika wapi?"

"Bado kidogo," baba alijibu.

"Bado kidogo ya nini?"

"Ni moto. Moto haufiki."

Sauti ya mama ilikuwa imeanza kupungua. Alikuwa akiuliza na kupumzika katikati ya swali. Siku moja hakuuliza, Anti Nduku alichukua simu akasema, "Shemeji, huyu mtu anaumia. Dawa inamtapisha hata maji. Jumamosi ijayo nakuja kuiona hiyo gari na macho yangu."

Jumapili hiyo, tulipotoka kanisani, baba alitundika koti kwenye kiti, akala, akajilaza kwenye mkeka. Nikaenda kwa peremende zangu. Mfukoni, pamoja na peremende, kulikuwa na leso imefungwa fundo. Nikalifungua. Ilikuwa rota.

Mtoto hafikirii kama mtu mzima, lakini anafikiri, na anafikiri haraka. Kulikuwa na msichana darasani aliyeniambia kwamba mama akikaa hospitali sana baba huoa mwingine. Na kulikuwa na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akituletea muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kila Jumamosi katika hotpoti yenye maua, akimuuliza baba kama amekula. Nikayaweka pamoja: baba anaficha moto wa gari ili mama asije. Anamtaka yule wa hotpoti. Mwanamke wa watu, Mungu amweke, alikuwa na huruma tu, lakini tangu siku hiyo sikuugusa muthokoi wake. Nilimtazama baba akikoroma pale kwenye mkeka, mdomo wazi, na nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote.

Niliokota kizibo cha soda uani, nikakifunga ndani ya leso kwa fundo lile lile, nikairudisha mfukoni ili akigusa ahisi kitu. Kisha nikaenda nyuma ya ghala. Kuku wakanipisha. Nilifungua vibanio viwili, nikaweka rota, ikakaa upande wake mmoja tu, nikafunga. Peremende sikula.

Wiki nzima sikumsemesha baba zaidi ya ndiyo na la. Jumamosi Anti Nduku akafika, viatu vya Nairobi, uso umechoka. Hakuketi hata kunywa maji. Majirani walipoona mgeni wakajaa uani. Anti akasema, "Haya, shemeji. Iwashe nione inakataa namna gani."

Baba aliingia ndani ya gari. Akashika usukani kwa mikono miwili, na hakuwasha. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, macho amefunga, mpaka mmoja wa majirani akauliza kama analala. Nilidhani anaomba Mungu lisiwake. Nami nikaomba liwake, kwa hivyo tulikuwa watu wawili tukimsumbua Mungu kwa jambo moja. Kisha akafungua switchi.

Likawaka. Likawaka papo hapo, kwa mngurumo ule wa kutetemesha tumbo, moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika, majirani wakapiga makofi na kupiga mbinja. Mimi nikaruka nikipiga kelele, "Mama anakuja kupumzika! Mama anakuja kupumzika!" Anti Nduku akanivuta akanikandamiza kifuani mwake kwa nguvu. Sikuelewa ni kwa nini alikuwa analia na gari limewaka. Baba alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani. Alipokiinua akaniangalia mimi, mimi tu.

"Ndiyo, Mwaitu," akasema. "Anakuja."

Tulimchukua mama siku iliyofuata. Alikuwa mwepesi mno. Baba alimbeba kama mtu anayebeba nguo zilizopigwa pasi, akamlaza kwenye kiti changu. Mimi nilijikunja kwenye kiti cha paka. Mombasa Road malori yalikuwa yakitupita na madereva wakipiga honi kwa lile gari jekundu, na mama akiinua mkono kidogo kuwajibu. Karibu na Konza alimwambia baba apunguze. Akatazama nje, nyasi zile kavu za alikokulia. Kisha akaweka mkono wake juu ya gia, baba akaweka wake juu ya wa mama, na kuanzia hapo hadi nyumbani walibadilisha gia wote wawili. Nilifurahi sana. Nikaona baba ameamua kumpenda tena.

Akapumzika kweli. Ulikuwa wakati wa mbaazi mbichi. Mchana tulimtoa nje tukamlaza ndani ya gari, mlango wazi upande wa jua, na mimi nikimenya mbaazi mapajani mwake, naye akila chache chache na kunisahihisha nilipomsomea kitabu changu cha shule. Hakutapika. Alicheka mara nyingi. Aliniambia mlango wa kushoto umepigwa msasa kuliko wa kulia, na kwamba huo wa kushoto ndio mzuri. Ninazo siku hizo zote, hakuna iliyopotea.

Asubuhi moja niliamka nikakuta watu uani. Mchungaji aliinama akanishika bega, akaniambia kwa sauti ya upole, "Mama yako amepumzika." Nikamtazama. Nikamwendea baba, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, nikamwambia, "Basi aamke. Amepumzika ya kutosha."

Baba akanivuta akaniketisha mapajani. Na lile neno likavunjika mikononi mwangu mbele ya watu wote.

Miaka iliyofuata nilielewa vipande vipande, mengine kwa Anti Nduku, mengine kwa umri tu: kwamba baba alificha rota kwa sababu siku ya gari kuwaka ilikuwa siku ya kuacha dawa, na yeye hakuwa tayari. Kwamba alikubali kuchekwa na Masii nzima ili abaki na mke hata kwa simu. Hilo nililijua na nikalisamehe zamani. Lakini siku zote niliamini nilimshika kwa hila. Niliamini kwamba pale kwenye usukani alishtuka. Nilikuwa nikiamka na wazo hilo, kwamba nilimnyang'anya baba mke wake kwa mkono wangu, na hajui.

Kumbe leso ilikuwa kotini miaka yote.

Nilimrudishia koti Jumamosi iliyopita. Nikakiweka kizibo juu ya meza, karibu na kikombe chake. Alikitazama, akakigeuza kwa kidole.

"Nilikuwa nadhani kilianguka," akasema.

"Baba, ulijua?"

"Jumapili hiyo hiyo. Jioni nilifungua leso nikakiona, nikakifunga tena."

"Na hukuitoa rota? Ulikuwa na wiki nzima!"

Akanywa chai kwanza. Siku hizi kikombe hukishika kwa mikono yote miwili. "Mwaitu, kila siku nilienda hapo nyuma. Nafungua boneti, nafunga. Mimi kuiweka singeweza. Lakini wewe ulikuwa umeiweka, na ulikuwa unataka mama yako. Sasa nitoe vipi?"

Nilitaka kumkasirikia, kwa kuniacha na mzigo huo miaka hiyo yote. Nilitaka kumpigia magoti. Nilishika tu mkono wake pale mezani, naye akauacha mkononi mwangu.

Kisha akataka tukaliwashe, kama tunavyofanya kila nikienda. Niliondoa turubai, nikaketi kwa usukani, yeye akaingia upande wa pili akishika mlango wa kushoto. Likawaka. Tukalisikiliza likinguruma mpaka likapata moto vizuri, nikalizima. Jua lilikuwa likiingia upande wake.

"Nilazie kiti," akasema. "Nipumzike kidogo."

"Sema kulala, baba," nikamwambia. "Usiseme hivyo. Sema unataka kulala."

Akacheka, mdomo wake mzima. "Haya, Mwaitu. Nilale kidogo."

Nikamlazia kiti. Akafumba macho, na mimi nikabaki pale kwenye usukani nikimsikiliza akipumua, hadi injini ikapoa, hadi alipoamka na kuitisha chai.